Diski ya Matanga

Kilosa,
Jumatatu, 14 Januari 2002

Mume wangu Fortunatus,

Pokea salamu za mkeo mkongwe, ambaye tangu Krismasi hujamletea hata kipande cha sabuni. Mume gani wewe? Sisi huku wazima. Magoti yangu yananung'unika kila nikisimama, lakini chakula nakula na kanisani nafika. Mama yako amepanda mpunga bondeni, na mto Mkondoa mpaka leo haujatutembelea, Mungu ashukuriwe. Dada yako Costancia amejifungua salama mtoto wa kike, wamempa jina langu. Kwa hiyo sasa una wake wawili na huna hata kitanda cha maana.

Sasa nisikilize. Zamani, kabla hujazaliwa, pale misheni alikuwapo mwalimu Mzungu, Mama Hildegarda. Alikuwa na mashine ya kurekodia, yenye utepe unaozunguka kwenye magurudumu mawili. Mama yangu mzazi alipofariki mwaka sabini na nne, huyo mwalimu aliomba ruhusa kwa wazee akarekodi msiba mzima, kwa ajili ya vitabu vyake vya mila. Juzi mpwa wake ametutumia ule msiba kupitia kwa padre, umehamishiwa kwenye diski ya kompyuta. Ni kitu chembamba, kinang'aa, ukikigeuza kina rangi za upinde wa mvua. Nimekifunga kwenye kitambaa na kumpa Damiano, kondakta wa basi, akukabidhi mkononi.

Unajua kwamba mimi na dada yangu Perpetua hatusemezani. Hukuwahi kuniuliza sababu. Siku ya maziko ya mama, Perpetua alibeba kanga zake akaondoka kabla ya kuanua matanga. Akamwambia kila mtu kwamba amenisikia kwa masikio yake nikisema: "Perpetua na arudi alikoolewa, kwa mama hapa hana tena hata ufagio." Miaka ishirini na minane anasema nilisema. Miaka ishirini na minane nasema sikusema. Sasa amepatikana shahidi asiye na ndugu. Isikilize hiyo diski mwanzo mpaka mwisho, uniandikie.

Najua yuko hapo hapo Mikumi, anauza vitunguu barabarani. Usimsogelee wala usimwambie kitu mpaka niseme mimi.

Mkeo asiyetolewa mahari,
Marselina


Mikumi,
Jumamosi, 9 Februari 2002

Bibi, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Nimefurahi sana kusikia habari za Costancia na huyo mke mdogo. Mwambie nitamletea gauni, na wewe sabuni, mche mzima, nipunguze kesi. Huku mimi mzima. Kazi ya redio inakwenda. Madereva wa malori wanalala hapa siku mbili tatu, wananiachia redio zao, wanakwenda kuchoma nyama. Usiku mwingine tembo wanapita karibu na nyumba za wageni, na asubuhi watu wanasimuliana kana kwamba wamepita wageni wa heshima.

Diski imefika salama. Bibi, usinicheke, lakini sijasikia kitu. Kompyuta yangu unaijua historia yake: niliinunua mnadani, shirika lile la umma lilipobinafsishwa wakauza mpaka viti. Nilipoiweka diski ndani, ikanionyesha mafaili kumi na moja, kila moja na jina: Kilio, Njiani, Kaburini, na kuendelea. Nikabonyeza la kwanza. Ikaniandikia kwamba aina hii ya faili haiijui.

Maana yake ni hii. Sauti ikihifadhiwa kama ilivyo inachukua nafasi kubwa mno, kwa hiyo wameibana, kama unavyobana nguo kwenye sanduku la safari. Ili kuikunjua inatakiwa programu maalumu, inaitwa dikoda. Kompyuta yangu ni ya zamani, haina. Basi nikapanda basi mpaka Morogoro, kwenye duka la intaneti. Mwenye duka akanishushia hiyo dikoda, akaikata vipande vitatu kwenye flopi tatu, zile diski ndogo za mraba, maana moja haitoshi. Nikanunua na spika mbili nzuri za mitumba. Nikatia vyote kwenye mkoba mmoja.

Bibi, mimi ni fundi redio. Ndani ya spika kuna sumaku, na sumaku hufuta flopi. Hilo ningemfundisha hata mtoto wa darasa la tatu. Nilifika nyumbani flopi zote tatu nyeupe pee. Nilikaa kitandani nikajitukana kwa dakika kumi.

Nitarudi Morogoro mwisho wa mwezi. Kuhusu yule uliyenikataza, nimesikia. Nakula vizuri, usiwe na wasiwasi, Jumapili hata kisamvu nilikula, kile cha karanga zilizokaangwa kwanza na ndimu juu.

Mumeo asiye na kitanda,
Fortunatus


Kilosa,
Jumapili, 24 Februari 2002

Mume wangu fundi,

Nimecheka mpaka Costancia akaja kuangalia. Fundi redio mzima! Mimi niliyeishia darasa la sita najua kwamba chumvi na sukari havikai mfuko mmoja. Haya, pole, mume akijitukana inatosha, mke hana haja ya kuongeza.

Mke mwenzangu ananenepa. Mama yako alipata homa, sasa anaendelea vizuri. Mvua imeanza kuwa nyingi.

Tangu nikupe ile diski naota kila nikisinzia. Juzi mchana nimekaa kwenye mkeka nachambua mchele, nikajikuta niko ule uwanja wa mama, kila mtu yupo na kila mtu amenyamaza. Midomo inakwenda lakini sauti hakuna. Namwona mama naye amekaa na waombolezaji, anasikiliza msiba wake. Nikamuuliza, mama, nilisema? Akanionyesha sinia, mchele umeliwa na kuku.

Nakuambia siku yenyewe ilivyokuwa ili usipotee ukisikiliza. Ilikuwa saa nane, mvua nyembamba. Wanaume wametoka makaburini. Wanawake tumekaa barazani, Perpetua yeye yuko nyuma ya nyumba jikoni, anasimamia ugali wa watu maana ndiye mkubwa. Watani walikuwa wakifanya vituko vyao kama kawaida ya msiba. Halafu nikaona mtu anapita kule kwenye mihogo na kanga begani, hatazami nyuma. Ndiye huyo. Nilidhani anakwenda mtoni.

Na kisamvu. Karanga za kukaanga kwanza, na ndimu juu. Mama yetu ndiye aliyekuwa akipika hivyo, na kwa mkono wake walijifunza watu wawili tu duniani. Mmoja ni mimi, na sijafika Mikumi. Sikuulizi kitu, Fortunatus.

Marselina


Mikumi,
Jumapili, 17 Machi 2002

Bibi yangu,

Shikamoo. Pole kwa mvua na kwa homa ya mama. Nimempa Damiano dawa na sabuni yako, mche mzima, mdai.

Ya kisamvu nimeyasoma. Naomba niyaweke kando kidogo.

Dikoda imekubali. Safari hii flopi nilizibeba mfuko wa shati. Kuiweka kwenye kompyuta kulichukua Jumamosi nzima, maana umeme ulikatika mara mbili katikati na kila mara ilibidi nianze upya. Mwisho ikauliza kama nakubali, nikakubali, ikauliza tena, nikakubali tena, kuliko hata bwana harusi. Nikafungua faili la kwanza.

Bibi, ilitoka sauti inayokatika katika, watu wanaongea vipande vipande. Kompyuta yangu ni mzee, inashindwa kukunjua kwa kasi inayotakiwa. Nikaingia kwenye mipangilio, nikapunguza ubora nusu, nikaiambia itumie njia moja ya sauti badala ya mbili. Nikakosea mahali. Sauti ikawa nzito na ya polepole mno, wanawake wanalia kwa sauti za wanaume, kama msiba unafanyika chini ya maji. Unajua sikuizima? Ilikuwa saa tisa alasiri, joto, malori yamelala, nami nikalala chali sakafuni nikaisikiliza hivyo hivyo. Sikuelewa neno hata moja. Nilihisi kama niko tumboni mwa mtu.

Baadaye nikarekebisha kasi, na mara ikafunguka. Jogoo akawika. Jogoo wa mwaka sabini na nne, Bibi, nikageuka kutazama mlangoni. Kuna mvua juu ya bati, kuna mtu anakohoa, kuna mchi unatwanga mbali, na kwa chini kabisa treni inapita ikielekea Dodoma, ndefu, haiishi. Halafu akaongea mwanamke karibu na mashine: "Mleteeni Mama Hildegarda kigoda, atavimba miguu." Nilikujua papo hapo. Sauti nyembamba, kama ya msichana, lakini amri ni ile ile. Nilitabasamu peke yangu nikasema shikamoo kwa kompyuta.

Nimefika faili la sita. Umeme umekatika tena. Hayo maneno sijayafikia.

Fortunatus


Kilosa,
Jumanne, 2 Aprili 2002

Fortunatus,

Heri ya Pasaka. Mama yako amepona. Mtoto amebatizwa. Mto umejaa mpaka karibu na stendi, Damiano anasema barabara ya huko ikikatika sijui basi litapita lini, kwa hiyo naandika upesi akiwa amesimama hapa ananitazama.

Huyo Damiano ameniambia Perpetua sasa anatembea kwa fimbo. Sikujua. Kwangu mimi bado anapita na kanga begani, mgongo umenyooka, mtu wa miaka arobaini na mbili. Sasa ana sabini. Nimekaa na hiyo habari siku tatu.

Maliza hayo mafaili. Mimi si wa kungoja tena kama msichana.

Marselina


Mikumi,
Jumapili, 5 Mei 2002

Bibi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, barabara ilikuwa imekatika kweli, waulize watu wa basi. Ninyi hamjambo? Mimi sijambo.

Hukusema.

Ni faili la nane. Maneno yapo, yote kama alivyoyataja, mpaka ufagio. Na mara ya kwanza nilipoyasikia nilizima kompyuta nikatoka nje nikazunguka stendi nzima, kwa sababu ilikuwa sauti yako. Siku mbili sikuigusa. Ya tatu nikarudia kwa kutumia spika ndogo za masikioni, nikasikia watu wanapiga kelele: "Kasiani wee! Kasiani huna haya!" Halafu mwanaume akajibu kwa sauti yake mwenyewe, nzito, kwamba yeye ni mtani, na msiba bila mtani ni uji bila chumvi. Kisha akaiga sauti ya padre, akaiga ya marehemu mama yenu akidai ugoro kutoka kaburini. Anaiga kila mtu. Maneno yale aliyasema Kasiani, mtani wenu, kwa sauti yako. Dada yako alikuwa jikoni nyuma ya nyumba, aliisikia sauti tu, hakumwona mtu.

Baada ya hapo kuna kelele za watu, halafu nyimbo zinaendelea.

Basi ndiyo hayo. Umeshinda kesi, Bibi.

Fortunatus


Kilosa,
Jumapili, 19 Mei 2002

Mume wangu mpole,

Hatujambo. Mpunga umeanza kuiva, ndege wanasumbua.

"Kuna kelele za watu." Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi mpaka karatasi imelegea. Wewe ni kama babu yako, hujui kusema uongo, unajua kuruka maneno tu. Sasa nakuuliza mimi: katika hizo kelele, nani alicheka wa kwanza?

Usijibu. Nilicheka mimi. Nilicheka mpaka nikaangukia bega la jirani. Mama yangu mzazi ana saa moja kaburini, udongo haujakauka, na mimi nacheka. Marehemu Kasiani alinipata sawasawa, Fortunatus, hata vile ninavyovuta pumzi kabla ya kugomba. Nilijisikia mwenyewe nikigomba, nikashindwa kujizuia.

Jioni ile ile niliambiwa Perpetua amekasirikia nini. Nilijua mara moja ni Kasiani. Ningetuma mtu amwambie. Lakini ili nimwambie ni mzaha ilibidi niseme nilikuwapo, na kama nilikuwapo nilifanya nini? Nilimkataza Kasiani? Nilimtetea dada yangu? Nilicheka. Niliona aibu. Kisha nikaigeuza aibu kuwa hasira, nikasema, kama ameweza kuamini jambo hilo juu yangu basi aamini. Mwaka ukapita. Watu wakifika kwangu nawaambia sikusema, na ni kweli, sikusema, nikajifunika na hiyo kweli kama blanketi.

Sasa nieleze wewe fundi. Hiyo kompyuta inaweza kukata? Ile sehemu ya kicheko tu, itoke, yabaki maneno ya Kasiani na watu wanaomkemea. Halafu nakuruhusu umwendee Perpetua, umkalishe, umsikilizishe. Najua unajua nyumba yake.

Fanya hivyo kwa ajili yangu. Sitakuomba tena kitu.

Marselina


Mikumi,
Jumapili, 2 Juni 2002

Bibi yangu, shikamoo,

Tunaendelea vizuri, na nitakuja wakati wa mavuno kuwafukuza hao ndege.

Kukata inawezekana. Ni kazi ya dakika tano. Lakini umechelewa, na kosa ni langu, kwa hiyo nigombeze mimi.

Naenda kwa Bibi Perpetua kila Jumapili, huu mwaka wa tatu. Nilipofika Mikumi nikaugua malaria peke yangu chumbani, mama mmoja muuza vitunguu akaniletea uji siku tano bila kuniuliza jina. Siku ya sita akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia. Akamalizia kunipepea, akasema, "Kula, uji haujui ugomvi." Hajawahi kukutaja kwa ubaya mbele yangu. Hakutaji kabisa. Sikukuambia kwa kuwa nilikuogopa.

Jumatano iliyopita mimi nasikiliza faili la nane kwenye spika, mlango wazi, naye akaja na bakuli lake. Sikumsikia. Nilipogeuka amesimama kizingitini ameshikilia fimbo kwa mikono miwili, na sauti yako inasema arudi alikoolewa. Nilitaka kuzima. Akasema, "Acha." Akasikia yote: watu wanamkemea Kasiani, Kasiani anajibu, na wewe unacheka. Bibi, sijawahi kukusikia ukicheka hivyo, kicheko kinapanda, kinakwama, kinapanda tena.

Akaketi kitandani. Akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Akasema tena rudisha, na mimi nikarudisha, nadhani mara sita au saba, mpaka kompyuta ikapata moto. Nilidhani anajihesabia kosa lako. Nilikuwa nakaribia kukuombea msamaha.

Mwisho akaniuliza kama mlango wa jiko la mama yenu unasikika kwenye mashine. Nikamwambia sijui. Akasema, baada ya kusikia ufagio aliusukuma mlango ule akaufunga kwa nguvu, akajiziba masikio kwa kanga, akatokea nyuma, kwenye mihogo. Hakusikia kilichofuata. Halafu akasema maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema:

"Ningesikia hicho kicheko nisingeondoka. Marselina hawezi kucheka akiwa na hasira, tangu mdogo hawezi. Ningejua ni Kasiani, ningetoka na mwiko nikampiga, nikacheka na mimi. Kwa nini hakuniletea kicheko chake?"

Alilia kidogo, akala kisamvu alichoniletea mimi, akaenda zake.

Sitakikata, Bibi. Nisamehe.

Fortunatus


Ndani ya basi, stendi ya Mikumi,
Jumamosi, 8 Juni 2002

Mume wangu,

Hatujambo na safari ilikuwa ya mashimo. Naandika juu ya goti, ndiyo maana mwandiko unaruka. Barua hii Damiano anakuletea kwako sasa hivi.

Barua yako nimeisoma. Nimeficha kitu kimoja tu maisha yangu yote, na ndicho alichokuwa akikihitaji. Leo alfajiri nimevaa, mama yako ananiuliza naenda wapi na magoti haya, mimi huyo stendi.

Nimefika lakini sishuki. Kutoka dirishani namwona. Yuko ng'ambo ya barabara na vitunguu vyake, amefunga kilemba cha bluu, fimbo imelala miguuni. Amekuwa mdogo, Fortunatus. Hajui kama niko hapa. Nimejaribu kusimama mara mbili na miguu imekataa, nami safari hii siisingizii magoti.

Basi linageuza kurudi Kilosa saa nane. Sasa ni saa saba na robo. Mwambie mdogo wake yuko kiti cha tatu, upande wa barabara. Aje dirishani tu, sitaki maneno mengi. Nitampa shikamoo. Akiitikia, nitashuka.

Marselina